Mama wa Kambo Si Mchawi

Kitabu cha kwanza ninachokifahamu kilichowasimulia watoto habari za njia ya misafara ya Tabora kiliandikwa na mtu aliyepewa mtoto kama zawadi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akijiandaa kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu akampa mtoto mtumwa mwenye umri wa miaka kama 7. Jina la mtoto lilikuwa Ndugu M'hali. Stanley hakulipenda, naye akaitwa Kalulu. Akapelekwa Ulaya na Marekani, akavishwa, akapigwa picha, akasomeshwa London. Mwaka 1873 Stanley akachapisha riwaya ya kuwasisimua vijana wa Kiingereza, My Kalulu, Prince, King and Slave, ambamo jina la mtoto yule wa Kwihara amepewa mwana wa mfalme. Mwaka 1877 Kalulu halisi alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo, akiwa kwenye msafara mwingine wa bwana wake. Alikuwa na umri wa miaka kama 12.

Naomba msomaji aitazame miaka hiyo, 7 hadi 12. Ni umri wa mtoto wa shule ya msingi, anayesoma mwenyewe bila kufuatisha kidole mstarini. Ndani ya muda huo Kalulu alipoteza kwao, akapoteza jina, akahamishwa bara kwa bara, akafa. Kitabu kilichobeba jina lake hakikuwa habari za maisha hayo. Kilikuwa cha mapigano, wanyama na taji.

Na Stanley alijua vizuri alichokuwa anakiacha. Alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, mama yake hakumlea, na utoto wake aliumalizia katika nyumba ya kulelea maskini huko St Asaph. Jina la Stanley alijichukulia ukubwani. Kwa hiyo kwenye njia ile ya kwenda Ujiji walitembea watu wawili ambao familia zao zilivunjika wakiwa wadogo, wote wawili wakitumia majina ambayo hawakuzaliwa nayo. Aliyeshika kalamu akaona ni afadhali kuandika juu ya taji.

Nimeanza huko kwa sababu miaka 150 baadaye bado tunawafanyia watoto wetu jambo lilelile, na safari hii wanaofanya hivyo ni sisi wenyewe, kwa Kiswahili fasaha na kwa nia njema kabisa.

Nina mswada wa riwaya ya picha kwa wasomaji wa miaka 9 hadi 12. Mhusika mkuu ni msichana wa miaka 10, mkazi wa Tabora mjini. Wazazi wake wameachana. Baba, dereva wa lori, amehamia Kahama na ameoa mke mwingine. Mama amekwenda Urambo kufanya kazi ya kuchambua tumbaku. Msichana amebaki Ng'ambo kwa bibi yake, kwenye nyumba iliyo karibu na mwembe mkubwa wa zamani. Alfajiri moja anasikia kengele. Anatoka nje na kuona msafara wa wapagazi unapita chini ya mwembe, mmoja nyuma ya mwingine, kama walivyokuwa wakipita mababu zake. Wanamwamkia, "Mwangaluka." Anapoitazama mizigo yao anaona si pembe wala majora ya kitambaa. Mmoja amebeba mlango wa nyumba waliyokuwa wakiishi wote watatu. Mwingine amebeba redio ya baba. Wa mwisho amebeba kigoda cha mama jikoni, na kigoda bado kina joto.

Mswada huo, pamoja na michoro ya sura mbili za kwanza, niliupeleka kwa mchapishaji mmoja. Simtaji jina, kwani aliyoniambia nimeyasikia pia kwa walimu na kwa wazazi wenye heshima zao. Alitaka mabadiliko matatu. Kwanza, maandishi yaongezwe na picha zipunguzwe, kwa sababu mtoto wa darasa la tano si wa kusoma vibonzo. Pili, wazazi warudiane mwishoni. Tatu, ijulikane kwamba wapagazi walikuwa ndoto tu, ili tusionekane tunawafundisha watoto ushirikina.

Nianze na picha, maana ndilo jepesi. Nchi hii imejifunza kujicheka kwa vibonzo. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa katika gazeti la Uhuru, na watu wazima wenye kazi zao walimfungua kabla ya habari za Serikali. Gazeti la Sani lilituletea Kipepe, Madenge na Ndumilakuwili, likasomwa kwenye vinyozi, kwenye mabehewa ya treni na nyuma ya madaftari ya hesabu. Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miongo kadhaa. James Gayo alimchora Kingo, na Kingo alieleweka hata pale ambapo hakusema neno. Hakuna aliyesema wasomaji wale walikuwa watoto wachanga. Ukweli ni kwamba tunawaruhusu watu wazima kusoma picha kwa kucheka, na watoto wachanga kuzisoma kwa kujifunza majina ya wanyama, halafu mtoto wa miaka 10 tunampa kurasa kavu na kumlaumu kwamba hapendi kusoma.

Yapo mambo ambayo picha inayasema bila kumwaibisha mtoto. Mtoto ambaye wazazi wake wameachana mara nyingi hana maneno ya jambo hilo, na akiwa nayo, amekatazwa kuyasema mbele ya wageni. Lakini anajua idadi ya sahani. Mchoraji akichora sahani tatu mezani, na ukurasa unaofuata akachora mbili, mtoto huyo ameambiwa kila kitu na hakuna aliyemlazimisha kujieleza.

Watasema uchapaji wa picha ni ghali. Rangi ni ghali, lakini wino mweusi kwenye karatasi ya kawaida si ghali, na Sani ilienea nchi nzima bila karatasi ya kung'aa. Tabora yenyewe si mgeni wa kazi hiyo. Wamisionari Wakatoliki walikuwa na mitambo yao Kipalapala, na jina la TMP Book Department, Tabora, limo kwenye kurasa za mbele za vitabu vingi vya Kiswahili. Mji uliowahi kuchapa vitabu kwa ajili ya nchi nzima hauwezi kuambiwa kwamba watoto wake ni mzigo kwa uchumi wa vitabu.

Sasa niingie kwenye talaka. Mchapishaji alisema si jambo la watoto. Mimi nasema ni la watoto kabla halijawa la mtu mwingine yeyote, na sheria za nchi yetu zimelikubali hilo zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama yake, isipokuwa kuwe na sababu ya kuamua vinginevyo. Sheria hiyohiyo inaitaka mahakama izingatie matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa na uwezo wa kuyaeleza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Hakimu, basi, anaweza kumuuliza msichana wa miaka 10 anataka kuishi na nani. Anatakiwa awe na jibu. Lakini akienda kwenye rafu ya vitabu kutafuta msichana mwingine aliyewahi kuulizwa swali hilo, tunamwambia bado ni mdogo.

Kuhusu wazazi kurudiana mwishoni, hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtoto anayesoma hadithi hiyo anafahamu kwamba wazazi wake hawajarudiana. Anajumlisha mwenyewe. Yule wa kitabuni aliomba, au alifaulu mtihani, au aliugua, wazazi wakarudi. Mimi niliomba, nikafaulu, nikaugua, hawakurudi. Kwa hiyo kosa ni langu. Mwandishi alidhani anatoa faraja, kumbe ametoa hukumu.

Eti tunalinda mila. Mila ipi? Njia ya misafara ilikuwa kiwanda cha familia mpya. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora mtu alitembea takriban miezi mitatu, na kutoka hapo bado kulikuwa na Ujiji. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa upagazi, na mwanamume aliyeondoka kiangazi aliacha nyumba ambayo ilibidi ijipange upya bila yeye. Wengine walirudi, wengine walioa pwani, wengine walikufa njiani. Wengine waliipita njia hiyo wakiwa watumwa, na familia zao hazikuambiwa chochote. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye tawasifu yake ni kati ya za mwanzo katika Kiswahili, alikuwa na mama yake Zanzibar na mama wa kambo Unyanyembe. Baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Ndoa hiyo iliunganisha nyumba ya pwani na ikulu ya bara. Mtu akitaka mama wa kambo wa historia ya Tabora, huyo hapo, ana jina na ukoo, wala hakuna popote anapotwanga sumu kwenye kinu.

Hata utani wetu umetoka barabarani. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana mpaka msibani kwa sababu mababu zao walikutana kwenye njia hiyo, wakahitajiana, wakatafuta namna ya kuwa ndugu bila kuzaliwa tumbo moja. Watu waliovumbua undugu wa namna hiyo hawakuwa wakiogopa familia inayobadilika.

Na haikuishia karne ya 19. Ulyankulu, hapahapa mkoani Tabora, ni moja ya makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wengi walizaliwa na kuzaa humo, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na mengine kama Katumba na Mishamo walitangazwa kupewa uraia. Ukiendelea magharibi unafika Kasulu, kwenye kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Treni inayopita Tabora kwenda Kigoma inapita katikati ya watoto ambao neno "familia" kwao lina orodha ya waliobaki upande wa pili.

Wengine wameliona jambo hili. Mwaka 2020 ilitoka Marekani riwaya ya picha ya watoto, When Stars Are Scattered, ya Victoria Jamieson na Omar Mohamed. Inasimulia maisha ya Omar na mdogo wake Hassan, watoto wa Kisomali waliotenganishwa na mama yao na kukulia katika kambi ya Dadaab, Kenya. Marguerite Abouet wa Ivory Coast amempa Akissi, msichana mtundu wa Abidjan, vitabu vya picha vinavyochekesha watoto wa nchi nyingi. Nidhi Chanani, katika Pashmina ya mwaka 2017, alichora msichana wa Marekani ambaye mama yake hataki kueleza kwa nini aliiacha India na baba wa mtoto ni nani, na shali ya zamani inayompeleka mahali ambapo mama hataki kupataja. Hadithi ya Dadaab ilitokea kwetu, kwenye ardhi ya Afrika Mashariki. Iliandikwa kwa Kiingereza.

Limebaki la tatu, la ushirikina, na hili silidharau. Mtu yeyote anayeandika maajabu huku magharibi mwa Tanzania anaandika mahali penye damu. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jiko walikopikia wajukuu. Watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Mchapishaji anayeogopa kuongeza kijiti kwenye moto huo ana haki ya kuogopa.

Lakini tuulize moto unawashwa na nini hasa. Kiswahili kina neno sahihi kuliko lugha nyingine ninazozijua: ramli chonganishi. Mganga hamwambii mteja kwamba dunia ina maajabu. Anamwambia nani wa kulaumiwa. Mtoto amekufa, ng'ombe amekufa, biashara imedoda, na mganga anakunja maumivu yote hayo na kuyakabidhi kwa jina la mtu mmoja, mara nyingi mwanamke, mara nyingi mzee, mara nyingi asiye na mtetezi. Ubaya wa ramli uko katika kidole kinachonyooshwa.

Sasa fungua hadithi za watoto tunazozisifu kwa maadili. Baba ni mwema ila amedanganywa. Mama amekufa, kwa sababu mama aliyeachika hakubaliki. Na mama wa kambo ndiye sababu ya kila kitu: anamnyima mtoto chakula, anamtuma kuni usiku, anamloga. Mwishoni anafukuzwa au anakufa, na watoto darasani wanapiga makofi. Hadithi hiyo inapita kwa wahariri bila kuulizwa swali, kwa kuwa inafunza adabu. Mimi naiita kwa jina lake. Ni ramli chonganishi iliyopigwa chapa. Inamchukua mtoto mwenye huzuni ya kweli, inamwonyesha mwanamke, inamwambia: ni huyu. Halafu tunashangaa kijana huyohuyo anapokuwa mtu mzima na kuwa tayari kuambiwa jina.

Wapagazi wangu hawamnyooshei mtu kidole. Wanabeba vitu vilivyopotea, wanapita, wanaamkia. Msichana anawafuata alfajiri tatu akitaka kujua ni nani aliyeivunja nyumba yao, nao hawana jibu, wana mizigo. Mama wa kambo wa Kahama yumo. Ni mwanamke mwenye umri wa miaka 26 anayemsuka mtoto nywele vibaya, anafumua, anaanza upya. Ndani ya kitabu kizima yeye pekee ndiye anayeamini habari za wapagazi bila kucheka. Mhariri aliniuliza kwa nini sikumfanya mbaya ili hadithi iwe na mvutano. Nilimjibu kwamba mvutano upo: mtoto anataka kumchukia na hapati sababu.

Wala maajabu hayo si mageni kutoka Amerika ya Kusini. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, aliwageuza ndugu wawili wa Adili kuwa manyani, na Adili akalazimika kuwachapa kila usiku ilhali moyo unamuuma. Hiyo ni hadithi ya familia iliyovunjwa na wivu, na bila manyani isingeuma hivyo. Euphrase Kezilahabi alitupa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata. Said Ahmed Mohamed akamtoa babu kaburini katika Babu Alipofufuka, na wahakiki wakaandika makala juu ya uhalisiamazingaombwe. Hakuna aliyemtaka Profesa aongeze sentensi kwamba mjukuu alikuwa anaota. Maiti inaruhusiwa kufufuka kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kikuu, wakati mtoto wa darasa la tano, ambaye jana usiku bibi yake alimsimulia zimwi lililommeza kijiji kizima, anakatazwa kumwona mpagazi chini ya mwembe.

Sentensi ya "kumbe ilikuwa ndoto" ina madhara yake. Mtoto aliyepoteza nyumba ameshaambiwa mara nyingi kwamba alichokiona hakukiona. Baba hakupiga kelele, alikuwa anaongea tu. Mama halii, ni moshi. Baba amesafiri, atarudi. Kitabu kikimwambia tena kwamba wapagazi hawakuwepo, kimejiunga na watu wazima wa nyumba ile.

Kwa hiyo nina ninayoyadai. Wachapishaji waiondoe kanuni isiyoandikwa kwamba hadithi ya mtoto lazima iishe na baba na mama chini ya paa moja. Tuzo zetu za uandishi, ambazo sasa zinazitambua hadithi za watoto, ziikubali riwaya ya picha kama riwaya, na mchoraji apewe haki yake kama mwandishi, kwa sababu nusu ya kitabu ni yake. Walimu waache kunyang'anya vibonzo na waulize ndani yake kuna nini. Waandishi wenzangu, kabla hamjamchora mama wa kambo mwingine mwenye kucha ndefu, kaeni jioni moja na mwanamke aliyeingia kwenye nyumba yenye watoto wa mwingine, mumuulize siku yake inaanza saa ngapi.

Mswada wangu niliurudisha nyumbani ukiwa na picha zote. Baba bado yuko Kahama, mama bado yuko Urambo. Ukurasa wa mwisho hauna maneno. Msichana amesimama chini ya mwembe, msafara umeshafika mbali, na mpagazi wa mwisho ameshusha kigoda cha jikoni kando ya barabara ili yeye akichukue.